Kwa Nini Daktari wa Meno Amemrudisha Mwanangu?

Mama amepanda daladala mbili, mtoto wa miaka tisa mgongoni. Mtoto ana mtindio wa ubongo, hawezi kutembea, na wiki nzima hajalala kwa sababu ya jino. Wamefika kliniki, wamekaa kwenye foleni, wameitwa. Daktari amemtazama mtoto akiwa bado mlangoni. Kinywa hajakifungua. "Pole sana, mama," amesema kwa upole, "huyu hapa hatutamuweza. Ngoja nikuandikie rufaa." Hospitali ya rufaa imempa tarehe ya miezi mitatu mbele. Jino lenyewe halijui tarehe. Usiku ule limeuma kama jana yake.

Hiki ni kisa cha mfano, lakini mzazi mwenye mtoto wa aina hii akikisoma atadhani nimemsimulia yeye. Swali linalofuata wazazi hawa huuliza karibu kwa maneno yaleyale: kwa nini daktari wa meno amemrudisha mwanangu?

Watu wana majibu ya haraka. Wapo wanaosema daktari hana utu, na wapo wanaosema nchi zetu hazina vifaa. Ukimfuatilia daktari yule hadi darasani alikotoka, utaona jibu jingine. Alisoma miaka mitano. Alifundishwa kila mshipa wa taya na kila mzizi wa jino. Pengine katika miaka yote hiyo hakuna siku aliyowekewa mbele yake mtoto asiyeweza kutuliza kichwa, akaambiwa, "Haya, huyu ni wako, nami niko nyuma yako." Sura hii inahusu siku hiyo iliyokosekana.

Mahitaji maalumu maana yake nini?

Mgonjwa mwenye mahitaji maalumu ni mtu ambaye hali ya mwili wake, akili yake, hisia zake au maradhi yake inamtaka mtoa huduma abadili namna aliyoizoea ya kuhudumia. Utaona kwamba maana hii inampa kazi daktari. Mgonjwa anakuja kama alivyo, na anayepaswa kubadilika ni yule aliyeshika kioo.

Kundi hili lina watu wengi:

- Wenye ulemavu wa mwili. Humo wamo wenye mtindio wa ubongo, yaani hitilafu iliyotokea kwenye ubongo mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, ikaifanya misuli isitii. Wamo pia waliopooza na waliozaliwa na mgongo wazi.
- Wenye ulemavu wa akili au tofauti za makuzi. Hapa tunazungumzia watu wenye sindromu ya Down, ambao huzaliwa na nakala ya ziada ya mojawapo ya vifurushi vya urithi vilivyomo katika seli, na wenye usonji, ambao ubongo wao hupokea sauti, mwanga, mguso na maneno kwa namna tofauti na wengi wetu.
- Wenye ulemavu wa hisia. Hawa ni viziwi, wasioona na wenye uoni hafifu, wakiwamo wengi wenye ualbino.
- Wenye maradhi yanayogusa matibabu ya meno. Mfano ni kifafa, maradhi ya moyo na magonjwa ya akili.
- Wazee waliodhoofika. Ni babu aliyepigwa na kiharusi upande mmoja, na bibi ambaye kumbukumbu imemtoka.

Kwa orodha hii, kila ukoo una mtu wake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.3, yaani mmoja kati ya sita, wanaishi na ulemavu mkubwa. Na uzee ukitufikia, wengi wetu tutaingia katika orodha hiyo hata kama leo tunatembea wenyewe kwenda kliniki.

Je, meno yao ni tofauti?

Mara nyingi meno yenyewe hayana tofauti kubwa. Maisha yanayoyazunguka ndiyo tofauti.

Chukua kijana ambaye mikono yake inatetemeka. Mswaki wake umo mkononi mwa mtu mwingine, na mtu huyo ana watoto wengine, ana jiko, ana shamba. Jioni akichoka, mswaki unalala. Chukua mtoto anayekula uji mzito na vyakula vilivyopondwa kwa sababu hawezi kutafuna. Ulimi wake hauna nguvu ya kusafisha mashavu, kwa hiyo chakula kinakaa kinywani kwa saa nzima. Chukua mwingine anayekunywa dawa ya maji kila siku, dawa iliyotiwa sukari ili isimchukize. Sukari hiyo inapolala naye usiku, meno yanaanza kuoza.

Dawa nyingine huleta shida bila sukari. Fenitoini, ambayo wagonjwa wengi wa kifafa huitumia, inaweza kuvimbisha fizi hadi zikafunika nusu ya jino, na uchafu ukajificha chini yake. Watu wenye sindromu ya Down hupatwa na ugonjwa mkali wa fizi mapema kuliko wengine, hata pale ambapo meno hayajatoboka. Mzazi anayetafuta matundu tu hatauona ugonjwa huo mpaka jino lilegee.

Kisha kuna jambo linaloniuma kuliko yote. Mtoto asiyesema hawezi kukwambia, "Mama, jino." Atauma mkono wake, atagoma kula, atapiga kichwa ukutani, atalia usiku. Nyumbani watasema, "Ndiyo hali yake hiyo." Hata hospitalini wanaweza kusema hivyo. Ulemavu unaufunika ugonjwa, na mtoto anaendelea kuumwa huku watu wazima wote wanaomzunguka wakiamini wanaangalia tabia.

*Kwa ufupi: meno ya watu hawa huharibika kwa sababu zinazojulikana, na nyingi zinazuilika. Kinachohitajika ni mtu anayejua pa kuangalia.*

Anayeogopa ni nani?

Tumezoea kusema kwamba mgonjwa wa namna hii anaogopa kiti cha meno. Kweli anaogopa, kama wengi wetu. Lakini katika kile kisa cha mlangoni, wa kwanza kuogopa alikuwa daktari. Aliogopa kwamba mtoto angetikisika ghafla na chombo kikamchoma shavu. Aliogopa mate yangempalia. Aliogopa kumuumiza, kulaumiwa, kushindwa mbele ya mama yake. Kila hofu kati ya hizo ina dawa yake, na dawa hizo zinafundishika.

Kwa nini basi hakufundishwa? Sehemu ya jibu imo katika namna madaktari wa meno wanavyoandaliwa kwingi duniani. Mwanafunzi akifika miaka ya mwisho anaingia kliniki na daftari la mazoezi. Humo ameandikiwa idadi: meno ya kuziba kadhaa, ya kung'oa kadhaa, ya bandia kadhaa, na kila kazi isainiwe na mwalimu. Asipotimiza, hahitimu. Sasa mweke mwanafunzi huyo mbele ya wagonjwa wawili, mmoja anayekaa kimya kwenye kiti na kuzibwa meno mawili asubuhi moja, na mwingine anayehitaji safari tatu ili akubali tu kufungua kinywa. Atamchagua nani? Mwanafunzi hana kosa hapo. Daftari limemchagulia.

Mhadhara peke yake hauliponyi jambo hili. Mwanafunzi anaweza kusikiliza saa mbili kuhusu usonji, akajibu mtihani vizuri, na bado akarudi nyuma hatua mbili siku mtoto mwenye usonji atakapopiga ukelele chumbani. Wazee walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Amali hapa ni mkono wa mwanafunzi juu ya bega la mgonjwa, mwalimu akiwa karibu, kabla ya kuhitimu. Atakachokuwa hajakigusa chuoni atakiandikia rufaa maisha yake yote.

Neno lililoongezwa Marekani

Ili tuone nguvu ya sharti lililoandikwa, tuangalie Marekani, ambako mabadiliko haya yana historia inayofuatilika vizuri.

Huko kila shule ya udaktari wa meno inahitaji ithibati, yaani uthibitisho kwamba inafundisha inavyopasa. Mwaka 2004 tume inayotoa ithibati hiyo iliongeza sharti jipya, likaanza kutumika mwaka 2006: mhitimu lazima awe na umahiri wa kutathmini mahitaji ya matibabu ya wagonjwa wenye mahitaji maalumu. Ilikuwa hatua kubwa, kwa sababu shule zililazimika kuweka somo hilo kwenye ratiba.

Lakini lisome tena lile neno: kutathmini. Mwanafunzi angeweza kumwangalia mgonjwa, akaandika anachohitaji, akampeleka kwa mwingine, na akawa amefaulu. Yule daktari wetu wa mlangoni naye kwa kiasi fulani alitathmini.

Watu wenye ulemavu na waliowatetea hawakunyamaza. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa meno cha Marekani kiliandika wazi katika kanuni zake za maadili kwamba mtu asikataliwe huduma kwa sababu ya ulemavu. Mwaka 2019 tume ya ithibati ikarekebisha sharti lake: mhitimu awe na umahiri wa kutathmini *na kusimamia matibabu*. Sharti hilo likaanza kazi Julai 2020. Mwaka huohuo wa 2019 Chuo Kikuu cha New York kilifungua, ndani ya shule yake ya meno, kituo cha watu wenye ulemavu ambamo wanafunzi hupangiwa zamu.

Uingereza ilipita njia nyingine. Mwaka 2008 iliitambua huduma ya meno kwa watu wazima wenye mahitaji maalumu kuwa ubingwa kamili. Mabingwa wana faida kubwa, kwani wapo wagonjwa ambao hali zao ni nzito na wanahitaji mikono iliyobobea. Lakini bingwa hawezi kukaa kila wilaya. Wagonjwa wengi wa aina hii wanachohitaji ni kazi za kila siku: kusafishwa, kuzibwa, kung'olewa jino moja. Hizo ni kazi za daktari wa kawaida na tabibu wa meno wa kituo cha afya, mradi awe amezizoea.

Mwanafunzi afundishwe nini hasa?

*Kwanza, salamu.* Somo hili halihitaji hata kifaa kimoja. Mwanafunzi wa miaka 23 anampokea mwanamume wa miaka 45 mwenye sindromu ya Down, aliyekuja na dada yake. Anamwambia dada, "Shikamoo." Kisha anamgeukia mgonjwa na kumpapasa kichwa: "Hujambo, kijana mzuri?" Mtu wa miaka 45 amenyimwa shikamoo yake. Mwalimu mzuri atamsimamisha hapohapo. Mgonjwa husalimiwa kwa umri wake, huulizwa yeye kwanza, hutazamwa yeye usoni. Dada yake ataongeza yale ambayo mgonjwa ameshindwa kuyaeleza.

*Pili, kuuliza kabla ya kuona.* Maswali ya kumwuliza mgonjwa au mlezi ni mepesi. Anapenda nini? Nini humtisha? Huonyeshaje maumivu? Saa ngapi huwa mtulivu? Anatumia dawa gani? Ana tatizo la moyo? Swali la mwisho lina uzito wake. Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na hitilafu ya moyo, na baadhi ya wenye maradhi ya moyo huhitaji dawa ya kinga kabla ya kung'olewa jino, ili vijidudu vya kinywani visiingie kwenye damu na kutua moyoni.

*Tatu, sema, onyesha, tenda.* Mbinu hii iliandikwa mwaka 1959 na daktari wa Marekani, Harold Addelston, na mpaka leo inafundishwa. Kwanza unamwambia mgonjwa kwa maneno mepesi utakachofanya. Kisha unamwonyesha: kioo kinaguswa kwenye ukucha wake, mrija wa kufyonza mate unafyonza maji kwenye kikombe. Halafu unatenda kilekile ulichoonyesha, bila nyongeza. Kwa mtoto mwenye usonji hatua hugawanywa zaidi. Leo aje aone chumba tu. Safari ijayo akae kitini. Ya tatu afungue kinywa huku daktari akihesabu kwa sauti hadi kumi, na kumi ikifika chombo kitoke, hata kama kazi haijaisha. Ahadi ya kumi ikivunjwa mara moja, kazi ya safari zote tatu imepotea. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hujazwa na uaminifu.

*Nne, kuusoma mwili.* Mwanafunzi ajue kwamba:

- Mwenye mtindio wa ubongo asilazwe chali kabisa, maana mate na maji vitampalia. Kichwa kiinuliwe, mito iwekwe chini ya magoti na mikono. Chombo kisiingie kwa ghafla, kwa kuwa taya linaweza kujifunga lenyewe bila yeye kutaka.
- Shingo ya mwenye sindromu ya Down isipindwe nyuma kwa nguvu. Viungo vyake vya juu vinaweza kuwa vilegevu.
- Aliyezaliwa na mgongo wazi aulizwe kuhusu mzio wa mpira, kabla glavu haijagusa mdomo wake.
- Mwenye ualbino avalishwe miwani ya giza, maana taa ya kiti cha meno humwumiza macho. Midomo yake ikaguliwe kila mara, kwa kuwa jua letu huleta saratani ya mdomo na daktari wa meno anaweza kuwa wa kwanza kuiona.
- Kiziwi anayesoma midomo aongeleshwe kabla barakoa haijafunika mdomo wa daktari. Ishara chache za lugha ya alama, kama "fungua", "inauma?" na "tumemaliza", hujifunzwa mchana mmoja.
- Asiyeona aambiwe kabla ya kuguswa, na aachiwe ashike kila kifaa ambacho si kikali.
- Mwenye kiti cha magurudumu aulizwe anapendaje kuhamishwa. Wengine hutibiwa vizuri wakiwa kwenye kiti chao wenyewe.

*Tano, kujua mpaka.* Wapo wagonjwa ambao, baada ya kila jitihada, hawawezi kutibiwa wakiwa macho. Hao hupelekwa chumba cha upasuaji wakatibiwa kwa nusu kaputi, yaani dawa ya usingizi mzito, chini ya uangalizi wa mtaalamu wa usingizi. Usingizi huo una hatari zake na gharama zake, kwa hiyo usiwe mlango wa kwanza wa kubisha. Na kumshika mgonjwa kwa nguvu, watu wanne juu ya mtoto mmoja, kwa ajili ya kazi ambayo ingeweza kusubiri, kunampa jeraha ambalo ganzi haifiki. Rufaa nzuri ni ile inayoandikwa baada ya kumjua mgonjwa. Huandikwa pamoja na hatua ya kumtuliza maumivu leo.

*Kwa ufupi: heshima, maswali, hatua ndogo, kuujua mwili, kuujua mpaka. Hakuna kati ya hivyo kinachohitaji mashine ya gharama.*

Zawadi iliyotoka Dar es Salaam

Wanaosema nchi zetu hazina vifaa wanasahau jambo ambalo Mtanzania anapaswa kulitaja kwa fahari.

Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, daktari wa meno kutoka Uholanzi aliyekuwa akifanya kazi na shule ya meno ya Dar es Salaam, alikabili tatizo ambalo kila mganga wa kijijini alilijua. Kijiji hakina umeme, mashine ya kutobolea jino haifanyi kazi, kwa hiyo jino bovu linang'olewa tu. Njia iliyoanzia Tanzania wakati huo ilitumia vyombo vya mkono peke yake. Sehemu laini iliyooza inakwanguliwa taratibu kwa kijiko kidogo cha chuma, kisha tundu linazibwa kwa saruji ya meno inayong'ang'ania jino na kutoa floridi, madini yanayoimarisha meno. Mara nyingi sindano ya ganzi haihitajiki. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani liliipigia debe mbele ya ulimwengu mzima. Leo inajulikana kwa kifupi cha ART.

Sasa iangalie njia hiyo kwa macho ya mtoto mwenye usonji. Hakuna mlio wa mashine, hakuna maji yanayorushwa kinywani, hakuna mtetemo, na mara nyingi hakuna sindano. Vile vitu vilivyokosekana kijijini kwa sababu ya umaskini ndivyo vilevile vinavyomtisha yeye. Na kwa babu aliyepooza, njia hii inaweza kumfuata kitandani kwake.

Ipo pia dawa ya maji yenye madini ya fedha na floridi, ambayo hupakwa kwenye jino lililooza na kuuzuia ubovu usiendelee. Hulifanya eneo lililooza liwe jeusi, kwa hiyo mzazi lazima aelezwe na aridhie kabla ya kupakwa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa hii, pamoja na ile saruji ya kuzibia, katika orodha yake ya dawa za lazima.

Mwanafunzi wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anayejua njia hizi mbili ana silaha, na ile ya kwanza wenzake wengi katika nchi tajiri wameipokea kutoka kwetu. Kinachobaki ni kumfundisha nani wa kumtumikia kwazo.

Darasa lililo nje ya kliniki

Kuna mafunzo yasiyopatikana kwenye kiti cha meno. Mwaka 1993, Steven Perlman, daktari wa meno ya watoto wa Marekani, alianzisha pamoja na michezo ya Special Olympics, ambayo ni ya watu wenye ulemavu wa akili, mpango wa kuwakagua wanamichezo vinywa vyao papo hapo viwanjani. Mpango huo uliitwa Special Smiles. Faida moja ilikwenda kwa wanamichezo. Nyingine ilikwenda kwa wanafunzi na madaktari waliojitolea. Mtu uliyemwona asubuhi akishinda mbio na kushangilia medali yake, mchana hutamwita "kesi ngumu". Utamwita kwa jina.

Nasi tunavyo viwanja vyetu. Tanzania na Kenya zina shule za msingi zenye vitengo vya elimu maalumu. Ziko shule za viziwi na za wasioona, na viko vikundi vya wazazi wanaokutana wenyewe kwa wenyewe. Mwanafunzi akipelekwa huko siku moja kwa mwezi, kazi zipo tele:

1. Kucheza na watoto kwanza, bila koti jeupe.
2. Kuwaonyesha walezi namna ya kumsugua mtoto meno wakiwa nyuma yake, kichwa cha mtoto kimeegemea kifuani mwao.
3. Kunenepesha mpini wa mswaki kwa mpira wa mshikio wa baiskeli au kitambaa kilichofungwa vizuri, ili mkono dhaifu uushike wenyewe.
4. Kumsikiliza mtu mwenye ulemavu akiwa mwalimu. Kijana anayetumia kiti cha magurudumu aeleze mwenyewe alivyotibiwa, kipi kilimwumiza na kipi kilimfaa.

Hili la nne ni kubwa. Wanafunzi wamezoea kumwona mtu mwenye ulemavu akiwa amelala chini ya taa. Wanapomwona amesimama au ameketi mbele yao akiwafundisha, namna wanavyomtazama hubadilika, na wakikutana naye kliniki wataanza na swali badala ya rufaa.

Sheria nayo iko upande wake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unasema watu hawa wapate huduma za afya za ubora uleule wanaopewa wengine, na wahudumu waandaliwe kwa mafunzo. Kwa hiyo mzazi anayeomba jino la mwanawe lizibwe haombi hisani.

Wewe mzazi ufanye nini leo?

Vyuo vitachukua muda. Meno ya mwanao hayawezi kungoja. Anza hapa:

- Mpeleke kliniki mara ya kwanza akiwa haumwi, ili chumba kile akifahamu bila maumivu.
- Piga simu kabla. Eleza hali yake, na omba nafasi ya kwanza asubuhi, kabla foleni haijamchosha.
- Andika kwenye karatasi moja dawa anazotumia, anachopenda na kinachomtisha.
- Mwombe mfamasia dawa isiyo na sukari. Isipopatikana, mpe maji anywe au umsafishe kinywa baada ya dawa.
- Msugue kwa dawa ya meno yenye floridi mara mbili kwa siku. Povu likimsumbua, tumia kiasi kidogo sana.
- Tabia ikibadilika ghafla, anza kwa kumwangalia kinywani.
- Daktari akisema hamuwezi, mwulize kwa upole: "Daktari, ni kipi hasa unachohofia? Na leo tunaweza kuanza na kipi?" Mara nyingi kuna kitu kidogo kinachowezekana.

Muhtasari wa sura

- Mgonjwa mwenye mahitaji maalumu ni yule anayemtaka daktari abadili namna ya kuhudumia.
- Kinachofunga mlango mara nyingi ni hofu ya daktari ambaye hakupewa nafasi ya kuzoea.
- Marekani ilichukua miaka 15 kutoka "kutathmini" hadi "kusimamia matibabu". Sisi tunaweza kuanzia pale walipofika.
- Mbinu zinazofaa zaidi ni za gharama ndogo, na mojawapo ilianzia Tanzania.

Turudi kwenye lile daftari la mazoezi. Lina safu ya meno yaliyozibwa, safu ya yaliyong'olewa, safu ya meno bandia. Walimu wa vyuo vyetu wanaweza kuongeza safu moja: wagonjwa wenye mahitaji maalumu waliohudumiwa tangu mwanzo hadi mwisho. Wasihesabiwe kwa wingi wa meno. Kwa mgonjwa mmoja, saini moja ya mwalimu ipatikane kwa kumfanya akubali kuingia chumbani, nyingine kwa kumfanya afungue kinywa. Mwanafunzi atakayemaliza safu hiyo hatahitimu akiwa bingwa. Lakini siku mama atakaposhuka daladala ya pili na mtoto mgongoni, daktari huyo atakuwa amekwisha kumwona mtoto kama yule, na atajua pa kuweka mto.